Upana wa chumba uliamuliwa na mkoko

Vyumba vya nyumba za kale za mawe Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi mita 2.5 hadi 3 kwa upana, hata kwa tajiri mwenye ghorofa tatu. Wengi husema ni mila tu. Sikubali. Aliyepima chumba ni mkoko.

Boriti za mkoko hulazwa kukingama upana, vichwa vyake vikiingia ukutani huku na huku. Juu yake hupangwa mawe ya matumbawe, kisha humwagwa zege la chokaa na kutwangwa hadi likaze. Hiyo ndiyo sakafu, na ni nzito mno. Boriti ikizidi mita 3 hivi hupinda. Urefu wa chumba haukuwa na shida: ongeza boriti, endelea. Majahazi yalizipeleka boriti hizo Ghuba ya Uajemi kwa korija, yaani ishirini ishirini, na ndiyo maana nyumba za kale za huko nazo zina vyumba vyembamba.

Kinachoniuma ni jinsi tunavyozitengeneza nyumba zetu za mawe leo. Fundi anaona lipu imebanduka, anapiga saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa maji ya mvua na unyevu wa ardhini, kisha huyatoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Saruji huyafungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma, nayo hudondoka vipandevipande pamoja na uso wa jiwe. Mbaya zaidi, kichwa cha boriti hubaki kimelowa pale pasipoonekana, kikaoza, ilhali katikati boriti ni nzima kabisa.

Tumia chokaa iliyozimwa vizuri, kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vitatu, mchanga usiwe wa pwani kwa sababu ya chumvi. Piga tabaka jembamba, ulinyunyizie maji lisikauke haraka likapasuka. Paa la chokaa likivuja, kwangua tabaka la zamani kabla ya kumwaga jipya. Kila tabaka linaloongezwa ni mzigo juu ya boriti zilezile. Na kabla ya yote hayo, chukua bisibisi, uichome boriti pale inapoingia ukutani. Bisibisi ikizama bila kutumia nguvu, weka nguzo chini ya boriti hiyo leo, ndipo umwite fundi.