Kabla ya Kuuliza Wakili Anamjua Nani

Hivi majuzi nilimsindikiza jirani yangu hapa Leicester, mama Mkenya, hadi kituo cha polisi ambako mwanawe wa miaka 16 alikuwa amezuiliwa. Afisa aliyekuwa kwenye dawati alimsomea kijana haki zake mbele ya mama yake, akamuuliza kama angependa kuzungumza na wakili, na kabla hajajibu akaongeza kwamba wakili wa zamu hamlipishi mtu, awe maskini au tajiri, mchana au usiku. Mama akanigeukia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Hapa tunamjua nani?" Swali hilo lilinichoma, kwa sababu ndilo tunalouliza sote Nairobi mtu wetu anapotiwa mbaroni.

Najua wapo watakaosema kwamba nimekaa ughaibuni hadi nikaanza kuwadharau wa nyumbani. Sivyo kabisa. Haki hiyo ya wakili kituoni iliwekwa Uingereza na sheria ya bunge ya mwaka 1984, lakini sisi tumeiandika katika katiba tuliyoipigia kura wenyewe mwaka 2010. Kifungu cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, ya kuwasiliana na wakili na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mahakama ifunguliwapo ikiwa muda huo umeangukia siku isiyo ya kazi. Kifungu cha 50 kinamruhusu mshtakiwa kujichagulia wakili, na kinaiagiza serikali imgharamie mmoja pale ambapo kumkosa kungemletea udhalimu mkubwa. Kwa upande wa maandishi, hatuna cha kumwomba Mwingereza.

Kinachoniudhi ni yanayotokea mbele ya kitabu cha OB, kile ambacho polisi huandikia matukio ya kituoni. Binamu yangu alikamatwa Ijumaa jioni, na nyote mnajua maana ya Ijumaa: unalala ndani hadi Jumatatu. Aliyeandika jina lake hakumtajia wakili hata kidogo. Wakili aliletwa na mtu aliyekuwa akizungukazunguka nje ya lango la kituo, ambaye alimpa shangazi nambari ya simu ya "mtu anayeelewana na wakubwa". Shangazi akachangisha kwenye kundi la familia, nasi tulio nje tukatuma. Nilimpigia simu wakili huyo mwenyewe. Hakutaka kujua kijana anadaiwa kosa gani, wala kama ameandikisha taarifa, wala nani alikuwa naye siku ile. Aliniuliza ni kituo gani na pesa zitaingia lini. Jumatatu, dakika chache kabla ya kesi kuitwa, alimshauri binamu akubali mashtaka ili mambo yaishe haraka, ilhali hati ya mashtaka yenyewe hakuwa ameisoma.

Binamu alikataa, na ninamshukuru Mungu kwa ukaidi wake. Wakili wa pili, mwanamke kijana asiyemfahamu hakimu wala karani yeyote, alianza kwa kuomba nakala ya hati ya mashtaka na taarifa za mashahidi, kwa kuwa katiba hiyo hiyo inamruhusu mshtakiwa kuuona mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Aliomba masharti ya dhamana yapunguzwe hadi kiwango ambacho familia ingemudu, akatuandikia ada yake kwenye karatasi, akatueleza wazi kwamba hawezi kutuahidi ushindi. Mtu anayeuliza maswali kama yake ndiye wakili wa jinai.

Mtanijibu kwamba ndivyo kazi zinavyofanyika kwetu, na kwamba bila kujuana hutoki. Basi nami nawauliza: ikiwa bidhaa ya wakili ni kujuana, ni nini kitakachomzuia mlalamishi asimnunue mwingine anayejuana zaidi? Na mwaka 2023, chama cha mawakili, LSK, tawi la Nairobi, kilipotangaza hadharani kwamba mtu fulani aliyejiita wakili hakuwa wakili, Wakenya wengi walimshangilia mitandaoni kwa kesi alizosemekana kushinda. Nilihuzunika sana, kwa sababu mtu asiye na leseni akikuharibia kesi, wewe ndiye unayelala rumande ya Industrial Area.

Wengine watasema wakili mzuri ni ghali. Ni kweli, na huku pia si peponi: kesi ikishafika kortini, msaada wa bure hutegemea kipato chako, na mwaka 2022 mawakili wa kesi za jinai wa Uingereza na Wales waligoma kwa sababu ya malipo duni. Lakini kwetu ipo Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa na sheria ya mwaka 2016, kipo Kituo cha Sheria kilichoanza mwaka 1973, na mshtakiwa wa mauaji asiye na uwezo hupewa wakili na Mahakama Kuu. Wala mawakili wetu si waoga wala walafi wote. Juni 2024 walizunguka vituo vya polisi vya Nairobi usiku wakiwatafuta vijana waliokamatwa kwenye maandamano, bila kudai hata shilingi, na sijawahi kujivunia nchi yangu zaidi ya wiki ile. Ikiwa waliweza wakati ule, afisa wa dawati anashindwa nini kumuuliza kila aliyekamatwa kama anataka wakili, kisha akaandika jibu lake kwenye OB? Hilo halihitaji bajeti.

Kwa jamaa zangu, nitaendelea kuchanga, na kwa moyo mweupe. Ila kabla ya kuniomba pesa za wakili, nitumieni nambari yake ya P.105, ile ya usajili wa wakili, mhakikishe kwenye tovuti ya LSK kwamba cheti chake cha mwaka huu kipo, na mniambie kosa kama lilivyoandikwa kwenye hati ya mashtaka. Nambari ya mtu wa langoni msinitumie tena.