Eti watoto hawakuumia wakati wa lokdauni? Nakataa

Kuna hii stori inarudi kila tukiongelea Korona, eti angalau watoto walikua salama, shule zimefungwa, hakuna mpira, hakuna kusukumana kwa foleni ya chakula, kwa hivo waliovunjika meno na kupasuka midomo wakapungua hospitalini. Sawa, hospitalini walipungua. Lakini aliyeumia akabaki kwao nani alimhesabu?

Shule zilifungwa hapa Kenya Machi 2020 na wengi hawakurudi hadi Januari 2021. Sasa chukua mtoto wa miaka nane hivi, umri ule meno ya mbele ya ukubwani ndio yametoka juzi, mfungie kwa bedsita (chumba kimoja) huko Pipeline, Nairobi, ploti ya ghorofa saba haina hata kauwanja. Unadhani atakaa? Atakimbizana na wenzake kwa ngazi, atapanda kule juu kwa kamba za nguo, ataruka kutoka kwa kiti agonge kidevu kwa meza, na huko kote anaangukia simiti, si nyasi.

Alafu kuna kafyu. Ilianza tarehe 27 Machi, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Najua mgonjwa aliruhusiwa kupelekwa hospitali, lakini nani angejaribu, siku chache tu zimepita tangu ianze na mtoto wa miaka 13 akapigwa risasi na polisi akiwa kwa balkoni ya kwao Kiamaiko, hapo Nairobi! Kwa hivo mzazi anamsukutulisha maji ya chumvi, anamwambia lala tutaona kesho. Kesho ikifika anaogopa hospitali manake huko ndio kuna Korona, ama apelekwe karantini na ailipie mwenyewe, na kliniki za meno nazo nyingi zilikua zinaona emajensi peke yake sababu ile mashine ya kuchimba inarusha mate hewani.

Na jino halingoji kesho. La ukubwani likitoka lote unalishika kichwa (ile sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni), usiguse mzizi, unalisuuza kidogo unalirudisha palepale, ikishindikana unalitia kwa maziwa mnakimbia, manake likikaa kavu zaidi ya saa moja nafasi ya kushika vizuri inakua ndogo sana. (La utoto usirudishe, utaumiza lile linalokuja nyuma yake.) Mimi sikumbuki kusikia hayo kwa zile briefing za Korona za kila siku za Wizara ya Afya, na wazazi wote tulikua nyumbani tumekodolea tivii. Kunawa mikono ilikua lazima sikatai, lakini nusu dakika ya huduma ya kwanza ingewapunguzia nini jameni?

Wale watoto sasa wako junia sekondari, wengine wameingia sinia. Kuna wenye jino moja la mbele limegeuka rangi sababu mshipa ulikufa polepole bila mtu kujua. Na aliyelipoteza kabisa, hata wazazi wakipata pesa ya kuwekewa la bandia linalofungwa kwa taya na skrubu, anaambiwa angoje taya imalize kukua, miaka 18 hivi ama zaidi, kwa sasa avae la kutoa na kurudisha.