Hotuba ya Mwenyekiti na Laki Tatu na Nusu

Mwanachama mpya wa SACCOS yetu, mama mmoja mpole, aliweka elfu hamsini saa tatu asubuhi. Kufika saa sita mchana akaunti yake ina laki tatu na nusu. Aliyemtajirisha ni mimi.

Wakati naandika mfumo wa akiba, mwenzangu aliniambia: "Kaka, kupokea fomu ni kazi ya sevuleti. JSP iache ionyeshe tu." Nikamwona ana makuu. Sevuleti, programu ya Java inayopokea maombi kwenye seva, uiandikie klasi, uisajili; JSP, ukurasa wa wavuti wenye Java ndani yake, unaitupia foldani, na Tomcat, seva inayoziendesha zote, inaigeuza yenyewe kuwa sevuleti. Kama zote zinaishia kuwa sevuleti, ya nini kujichosha? Nikajenga weka.jsp: juu menyu, katikati pesa inahifadhiwa, chini amri ya kumhamishia karani kwenye risiti. Miezi minane haikukohoa.

Desemba kitumbua kikaingia mchanga. Mwenyekiti alikuja na flashi yenye salamu za sikukuu. Salamu gani! Hotuba ya kurasa kumi, kila mjumbe na cheo chake, na anataka ipite juu ya kila ukurasa kama treni. Nikaibandika juu ya menyu, nikaenda kunywa chai.

Sasa, JSP haitumi maandishi papo hapo. Huyaweka kwanza kwenye bafa, ghala dogo la muda, kwa kawaida la kilobaiti 8. Menyu yangu peke yake ilienea humo, kwa hiyo amri ya kuhama ilipofika, yaliyomo yalimwagwa kimyakimya, karani akaenda zake kwenye risiti. Hotuba ilifurika. Jibu likaanza kusafiri kwenda kwa karani, na likishaondoka halirudi: huwezi tena kuiambia brauza iende kwingine. Tomcat ikapiga yowe la IllegalStateException, yaani amri imekuja wakati usiofaa, ndani ya logi, daftari lake la matukio, ambako hakuna wa kulisikia.

Karani aliona "Heri ya Sikukuu", majina kadhaa, hotuba ikakatika katikati ya jina la mweka hazina, kisha weupe mtupu. Akaonyesha upya ukurasa. Brauza ikamuuliza, nitume fomu tena? Tuma. Jumla mara saba, na kila mara pesa ilikuwa imeshaingia kabla ukurasa haujakwama.

Akanipigia. "Kaka, mfumo wako unanitakia heri tu, risiti hautoi."

Nilipofika, mama alishaulizia salio dirisha la pili na ameketi anajaza fomu ya mkopo. Kwetu mtu hukopa hadi mara tatu ya akiba yake. Alikuwa ameandika milioni moja na elfu hamsini, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Usiku ule nikaandika sevuleti: ipokee, ihifadhi, imhamishe mtu, isitoe hata herufi moja. Mwenzangu alisimama nyuma yangu akitafuna karanga, hakusema kitu. Afadhali angesema.

Asubuhi mwenyekiti akaingia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetengeneza?"

"Tayari, mzee."

"Na hotuba?"

"Ipo yote."

"Vizuri." Akatoa flashi nyingine mfukoni. "Hapa kuna na shairi."