Bwana Harusi wa Kwenye Sinki

Siku tatu nzima nimepigia mswaki jikoni. Natemea kwenye sinki la vyombo, na mama watoto ananitazama kwa lile jicho ambalo sikuliona tangu siku nilipopaka mlango rangi nikaufunga kabla haujakauka. Nitajitetea vipi? Sinki la bafuni lina mtu.

Haya, si mtu, ni buibui. Lakini amekaa mle kama mtu, katikati, miguu kaitandaza, utadhani hati ya nyumba iko mfukoni mwake.

Nieleweke: mimi si mwoga. Giza silijali, kupanda juu ya bati silijali, wanaonidai ndio kabisa. Ila kitu chenye miguu 8 kinachotembea bila kishindo hata kimoja, hapana jamani. Mbwa ana minne tu na unamsikia anakuja.

Na huu ndio msimu wao. Miezi mingine tunaishi kwa kuheshimiana, yeye kwenye kona ya dari, mimi huku chini na madeni yangu. Msimu ukifika, heshima inakwisha. Unamkuta kwenye pazia. Unamkuta ndani ya kiatu, tena cha kulia, ninachoanza kuvaa.

Nikasema hawa wadudu wamezidi. Binti yangu hakuinua hata uso kwenye kitabu. "Baba, buibui si mdudu. Mdudu ana miguu 6." Kana kwamba hiyo miwili ya nyongeza inanipunguzia tatizo.

Huyo mtoto ndiye aliyeniharibia usingizi kabisa. Kumbe wengi wanaorandaranda msimu huu ni madume. Dume akishakomaa anauacha utando wake na kuanza safari ya kutafuta jike. "Utamjua, Baba. Mbele ya mdomo ana vijimkono viwili, ncha zimevimba kama amevaa glavu za ndondi. Chungulia utaviona." Nichungulie! Yeye ana macho 8, mimi mawili, na hayo mawili nayafumba.

Kwa hiyo nyumba yangu imekuwa njia ya maposa. Namwelewa, mwanamume mwenzangu. Na mimi nilizunguka sana kabla ya kumpata mama watoto. Ila sikuwahi kuingia bafuni kwa watu usiku wa manane.

Halafu kuna habari ya bomba. Miaka yote nimeamini wanapanda kutokea kule chini, kwa hiyo kila usiku nilikuwa naziba tundu la sinki kwa kizibo, juu yake naweka kopo limejaa maji, ulinzi wa uhakika. Binti akainama, akanionyesha bomba lilivyopinda na kona ambayo maji hukaa muda wote. Hapo hapiti. Buibui anaporomokea sinkini kutoka juu, akiwa katika mizunguko yake, na akishatua kuta zinamtelezesha, hatoki. Yaani nimelinda kwa miaka mlango ambao hakuna aliyewahi kubisha.

Nikaamua kujitibu. Wanaotibu hofu za namna hii husema umzoee pole pole: kwanza picha, baadaye aliye ndani ya chupa, mwisho usogee karibu. Nikaanza na picha kwenye simu. Nikaitazama kwa pembe ya jicho, sekunde mbili, tatu, naendelea vizuri, kidole kikateleza na picha ikakua. Ikajaa kioo chote, na nywele zake. Sasa ili niifunge lazima niguse kioo, na kila pa kugusa pana mguu. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya kochi, nikaifunika kwa mto. Ikaita mara mbili. Sikupokea.

Jana nikajikaza na glasi. Kazi yenyewe ni rahisi: unamfunika, unapitisha karatasi ngumu chini yake, unamtoa nje, mnaagana. Tatizo ni mkono. Mkono ulitetemeka mpaka glasi ikawa inagonga sinki ngri-ngri-ngri kama kengele ya mapumziko. Buibui hana masikio, mitikisiko anaipokea kwa vinywele vya miguuni, kwa hiyo kengele ile na ukelele wangu aliupata kwa miguu yote 8. Akajikunja kama ngumi.

"Amekufa!" nikashangilia. Nilishasikia kwamba buibui huinyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, msukumo ukiisha miguu inajikunja, ndiyo maana maiti yake huwa vile. Na sikushangaa, maana magoti yangu yanatumia mfumo huohuo, presha ikishuka tu naketi sakafuni. Nikainama nimwombee msamaha kidogo.

Akaufungua mguu mmoja. Kisha wa pili. Sikusubiri kuhesabu.

Mama watoto akachoka. "Baba nanihii, mtundikie taulo, apande atoke mwenyewe, na sisi tulale." Nikatundika taulo, ncha moja ndani ya sinki, nyingine kwenye kigingi chake, nikafunga mlango na kuusukuma mara tatu kuhakikisha.

Asubuhi, sinki jeupe pe! Hakuna mtu. Bwana harusi kapanda ngazi yake, kaenda kwa mchumba. Nilipiga mswaki bafuni kama binadamu, nikaimba, nikatema kwa nguvu. Nikapaka sabuni uso mzima, na kwa furaha nikasahau kufumba. Ikaniingia machoni. Nikapapasa ukutani, nikalipata taulo, nikajifuta uso, nikajifuta shingo, nikajifuta nyuma ya masikio, na ndipo nikakumbuka taulo lile usiku lilikuwa na kazi gani.

Binti alifika kabla sijamaliza ukelele wa kwanza.

"Baba, tulia hivyohivyo, usitingishike. Yuko kwenye kola." Akasogea, akachungulia kwa raha zake zote. "Ni dume kweli. Naziona glavu."