Asilimia 90 Iliyobaki Ndiyo Mimi

Jamani, nisikilizeni. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mimi ni mwanaume, nina miaka 52, viungo vyote vizima isipokuwa goti la kushoto siku za mvua. Kwa hiyo mkopo sipati, ila kujaza fomu ni kazi yangu, maana nyumba nzima simu yenye bando ni hii yangu.

Mama watoto na wenzake wanne wana kikundi cha batiki. Juzi wakanizunguka sebuleni kama tuko matangani. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na kila mmoja anaisoma kwa mtindo wake. Mmoja anaita tarakimu kama anaita kuku, mwingine kila sufuri anauliza, "Umeandika?" Nafika ya 19, mfumo unaniambia muda wangu umeisha. Wangu? Mimi niliyekaa hapo tangu adhuhuri!

Kisha barua ya serikali ya mtaa, muhtasari wa kikao na katiba, vyote vikaskaniwe steshenari. Katiba yenyewe kurasa 9, nusu nzima ni faini za wachelewaji, na mchelewaji mkuu ni mwenyekiti.

Huo ni mkopo mmoja. Shemeji analima, anautafuta mfuko wa pembejeo. Kijana wangu wa kwanza anahangaika na mfuko wa vijana. Kila mfuko na mlango wake, fomu yake, nywila yake. Nywila zote niliziandika nyuma ya kalenda. Mwaka ulipoisha mama watoto akafungia maandazi.

Mimi nauliza, si tumeshapigwa picha, tumeshachukuliwa vidole vyote kumi? Tujengeeni dirisha moja mtandaoni, mikopo yote ya serikali humo. Niweke namba yangu mara moja, liniambie: "Mzee, huu haukuhusu, huu unamfaa shemeji yako, wewe kalale." Jina la marehemu mama yangu serikali inalo tangu nilipojiandikisha, lakini kila fomu inaniuliza upya kama ndiyo kwanza tunaonana.

Mwaka 2023 mikopo hii ya halmashauri ilisimamishwa kwa muda baada ya kelele za vikundi hewa, vile vya kwenye karatasi tu. Mpaka leo najiuliza, hewa ilipataje pasipoti saizi? Ilikaa kwenye kile kistuli, ikaambiwa inyanyue kidevu? Hapa nina wanawake watano wenye kilo zao kamili, mfumo unasema picha haionekani.

Wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wa kausha damu, hawana hata tovuti. Anakuja kijana na daftari, anatazama friji, anatazama godoro, anaandika. Chai haijapoa, pesa mkononi. Ukichelewesha rejesho sasa, ndiyo anarudi na kirikuu, na friji anaijua ilipo.

Saa 5 usiku fomu ikakubali. Wanawake wakapiga vigelegele, wakaondoka bila hata kunibakizia soda. Simu ikalia. Ujumbe: "Ndugu mjasiriamali mwanamke, ombi lako limepokelewa."

Nikausoma mara mbili. Mama watoto akauliza ni nani. Nikamwambia ni mtandao, wanatangaza bando.