Usimnunulie Mzazi Pedi Nyembamba

Nilipokaribia kujifungua mtoto wangu wa kwanza, nilipanga begi la hospitali kwa uangalifu ambao leo unanichekesha. Nguo za mtoto zilifuliwa mara mbili, zikapigwa pasi, zikakunjwa kwa kufuata ukubwa wake. Za kwangu mwenyewe zilikuwa gauni mbili, mswaki, na pakiti moja ya pedi nyembamba zenye manukato, zile zile nilizozizoea kila mwezi. Pakiti hiyo haikufika jioni ya siku ya kwanza, na pedi ya mwisho iliganda kwenye nyuzi za msamba hadi nikalazimika kuibandua kwa maji ya uvuguvugu huku nikiuma meno. Sikudanganywa na mtu, ila katika miezi tisa ya kuulizwa kama nimeshanunua neti na beseni, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nitavaa nini baada ya kuzaa.

Tangu wakati huo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya rafiki zangu wanauona wa kizamani: katika wiki ya kwanza baada ya kujifungua, mzazi anahitaji pedi nene, ndefu, laini, isiyo na harufu wala mbwembwe, na pedi nyembamba ya kisasa, hata iwe ya bei kubwa namna gani, haifai kuchukua nafasi yake. Sababu za msimamo huo si za urembo wala za mazoea. Zinatokana na namna damu ya nifasi, ile inayotoka baada ya kujifungua, ilivyo.

Watu husema damu hiyo ni kama hedhi iliyozidi. Sivyo. Kondo la nyuma linapobanduka, huacha ndani ya mji wa mimba kidonda ambacho kwa ukubwa wake hulinganishwa na sahani, na mishipa iliyokuwa ikipeleka damu kwenye kondo hubaki wazi mpaka misuli ya mji wa mimba ijikaze na kuibana. Mji wa mimba wenyewe, ambao mara tu baada ya uzazi huwa na uzito wa kilo moja hivi, hujikunyata siku baada ya siku hadi kurudi gramu 100 au pungufu baada ya wiki sita. Kinachotoka katika muda huo wote ni damu ya kidonda kile, pamoja na mabaki ya utando wa ndani na ute. Kwa siku tatu au nne za mwanzo huwa nyekundu na nyingi. Kisha hupauka na kuwa ya waridi au kahawia hadi kama siku ya 10. Baada ya hapo hugeuka ute wa njano au mweupe ambao huweza kuendelea hadi wiki ya nne, ya sita, na kwa wengine kupita kidogo. Aliyejifungua kwa upasuaji naye hutokwa na damu hiyo, mara nyingi kwa kiasi kidogo zaidi, kwa kuwa kidonda cha kondo anacho vile vile. Nimewahi kukutana na mama aliyefanyiwa upasuaji ambaye hakubeba pedi hata moja, akiamini kwamba kila kitu kimekwisha kusafishwa tumboni.

Ukikubali kwamba kuna kidonda, mengine yote yanafuata bila kubishana. Mlango wa mji wa mimba bado haujajifunga sawasawa na njia ina michubuko, kwa hiyo tamponi na kikombe cha hedhi, ambavyo huingizwa ukeni, havina nafasi hapo mpaka mzazi apite uchunguzi wa wiki ya sita au aruhusiwe na anayemhudumia. Mikono nayo inanawiwa kabla ya kubadilisha pedi na baada yake. Wengi wetu tunakumbuka ile ya baada tu. Mwaka 1847, katika hospitali ya uzazi ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliowapima wazazi kunawa mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Wakati huo hakuna aliyekuwa na maelezo ya vijidudu. Sisi tunayo, na bado tunashika pedi mpya kwa mkono uliotoka kushika simu.

Hata pedi yenyewe, kwa asili yake, ni ndugu wa bandeji. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia kampuni ya Kimberly-Clark ya Marekani ilitengeneza pamba ya nyuzi za mti kwa ajili ya kufungia majeraha ya askari; wauguzi wakaona inafyonza vizuri wakaitumia kwa hedhi zao, na mwaka 1920 malighafi hiyo hiyo ikaingia sokoni ikiwa pedi za Kotex. Kwa hiyo ninaposema mzazi achague pedi kama anayechagua kitambaa cha kufungia kidonda, sijaanzisha jambo jipya.

Sasa niieleze hiyo pedi nyembamba, maana sina ugomvi nayo kwa siku zote. Ndani yake mna chembechembe ambazo zikikutana na majimaji hugeuka kama jeli na kuyashikilia, ndiyo maana juu hubaki pakavu hata pedi ikiwa imebeba mengi. Kwa hedhi ya kawaida hiyo ni raha tupu. Kwa nifasi kuna matatizo mawili. La kwanza ni kwamba damu nzito yenye mabonge hainyweki kwa kasi ya maji ya chumvi, na vipimo vingi vya ufyonzaji vimekuwa vikifanywa kwa maji ya chumvi. Mwaka 2023 watafiti wa Oregon, Marekani, walichapisha matokeo ya kupima bidhaa 21 za hedhi kwa kutumia damu ya binadamu, wakakuta kwamba uwezo ulioandikwa kwenye pakiti mara nyingi haulingani na uwezo halisi, na kwamba chupi za hedhi ndizo zilizobeba damu kidogo kuliko bidhaa nyingine zote walizopima. Yale matone yanayochorwa kwenye pakiti hayamwambii mnunuzi mililita ngapi, na matone manne ya kampuni moja si lazima yalingane na manne ya nyingine.

Tatizo la pili ndilo linalonifanya niandike makala haya. Pedi ya mzazi ni kipimo. Mkunga aliyenihudumia alinikuta nimekunja pedi na kuitupa, akaniuliza ilikuwa imelowa kiasi gani. Sikujua. Akaniambia, bila ukali lakini bila utani, "Mama, hiyo usiitupe kabla hujaiangalia, mimi sina dirisha jingine la kuona tumboni mwako." Akanieleza cha kuangalia: imechukua muda gani kulowa, damu imeenea hadi wapi, rangi yake ni ipi, kuna mabonge au hakuna, na inanukaje. Pedi nene ya pamba huonyesha hayo kwa macho, kwa sababu damu huenea juu na pembeni jinsi inavyoongezeka. Ile inayokausha juu humfanya mzazi ajione mkavu huku akiwa amebeba uzito ambao hakuuona ukiingia. Wodini hawategemei hata macho. Panapokuwa na shaka, pedi hupimwa kwenye mizani, uzito wa pedi kavu ukatolewa, na kwa kuwa mililita moja ya damu ina uzito wa gramu moja na kitu, kiasi kilichopotea hujulikana kwa hesabu ya darasa la tatu. Shirika la Afya Duniani limekuwa likihesabu upotevu wa mililita 500 au zaidi ndani ya saa 24 baada ya kujifungua kuwa ni kutokwa na damu kupita kiasi, na kiasi hicho ni rahisi sana kukidharau kinapokuwa kimegawanyika katika pedi tano, shuka na sakafu ya bafu.

Hivyo mzazi aliye nyumbani ajue mipaka yake. Pedi kubwa ikilowa chapachapa ndani ya saa moja au chini ya hapo, yakitoka mabonge makubwa kama yai, damu ikinuka vibaya, homa ikifika nyuzi 38, moyo ukienda mbio au macho yakiingia kiza anapoinuka, hiyo si kazi ya kubadilisha aina ya pedi. Anakwenda hospitali wakati huo huo, hata kama ni usiku, hata kama ni wiki ya pili na kila mtu anasema mambo yameshatulia. Kwa upande mwingine, asiogope kila mmiminiko. Akilala muda mrefu damu hujikusanya ukeni na kushuka kwa pamoja anaposimama. Akinyonyesha, homoni ile ile inayoshusha maziwa huubana mji wa mimba, chango likauma na damu ikaongezeka kwa dakika chache. Wengine huona damu ikirudi kuwa nyekundu kwa muda mfupi kati ya siku ya 7 na ya 14, kigaga cha kidonda cha kondo kinapobanduka, na wengine huiona wakishajitia kufua na kubeba ndoo kabla ya wakati.

Turudi dukani. Kitu cha kwanza ninachokigusa ni uso wa pedi, kwa sababu aliyechanika au kuongezewa njia atakaa juu ya nyuzi zake kwa siku kadhaa. Uso wa wavu wa plastiki wenye vitundu hukwaruza na kunasa. Uso wa pamba au kitambaa laini huvumilika. Manukato nayakataa kabisa: huwasha ngozi iliyochubuka, na pia hufunika harufu mbaya ambayo ingemwonya mzazi mapema. Urefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa mzazi hushinda amelala chali au amejiegemeza kunyonyesha, na damu hufuata nyuma. Mabawa ni mazuri mradi gundi yake isishike ngozi ya paja. Baadhi ya pedi za uzazi hazina gundi kabisa na huhitaji chupi inayobana vizuri. Hilo nalo lipangwe mapema, chupi ziwe pana, za pamba, za rangi isiyoliliwa.

Nepi za watu wazima, za kuvaa kama chupi, zina wapinzani wengi, na wengi wao hawajawahi kuzaa. Mimi nazitetea kwa usiku mbili tatu za kwanza. Hazisogei, hazivuji pembeni, na zinamwokoa mtu kubadilisha shuka saa tisa usiku akiwa na mtoto mkononi. Kasoro yake ni joto, na kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya mkojo, kwa hiyo huweza kuficha kiasi cha damu kama pedi nyembamba, au zaidi. Anayezivaa azifungue kuangalia mara kwa mara, asingoje zijae. Aliyefanyiwa upasuaji achague zenye kiuno kinachopita juu ya mshono; mpira ukikaa juu ya kidonda hata usingizi hauji.

Vitambaa vya kufua sivikatai, na nimewasikia wanaovisifia kwa ulaini. Sharti langu ni kwamba viwe vingi, viloweshwe kwa maji baridi kwanza kwa sababu maji ya moto huigandisha damu kwenye nyuzi, vifuliwe kwa sabuni, vioshwe hadi maji yatoke safi, kisha vikauke kabisa juani. Kitambaa kilichoanikwa chini ya kitanda kwa sababu ya aibu, kikavaliwa kingali na unyevu, ni hatari kuliko pedi duni ya dukani. Na katika siku hizo za kwanza, anayefua asiwe mzazi mwenyewe.

Kuhusu idadi, hesabu ni nyepesi na inashangaza. Pedi hubadilishwa kila baada ya saa tatu au nne hata kama haijajaa, kwa sababu damu iliyokaa karibu na kidonda ni chakula cha vijidudu. Kwa saa tatu ni pedi nane kwa siku, yaani 56 kwa wiki moja. Pakiti yangu ile ilikuwa na pedi nane. Huenda mzazi asizimalize zote 56, lakini ni afadhali zibaki kuliko kuanza kuzihesabu na kuvaa moja kwa saa saba ili zifike kesho. Hilo la kubania pedi nimeliona zaidi ya mara moja, kwa wanawake ambao chumba chao kilikuwa kimejaa zawadi, na zote za mtoto.

Rafiki mmoja hunipinga kwamba natisha watu, kwamba mama yake alizaa saba kwa pedi za kawaida tu. Huenda. Mimi mwenyewe sikufa kwa zile nyembamba. Ninachobishia ni kumwacha mtu aliyetoka kushonwa ajifunze kwa kuganda nyuzi, wakati maelezo yenyewe yanatosha dakika tano za mazungumzo na mkunga au dada mkubwa kabla ya siku kufika.

Uzazi wa pili begi langu lilikuwa na pedi nene 40, nepi sita za usiku, chupi za kupita tumbo, na chupa ndogo ya kumiminia maji ya uvuguvugu ninapokojoa ili mkojo usichome. Mume wangu alipewa orodha ya kununua nyingine na hakuuliza swali. Nilikuwa nimetia pia pakiti moja ya zile nyembamba, na niliifungua siku ya 16.