Tivii ya Ukweni Imenivua Nguo

Mshenga wangu ameshawatangazia kwenye grupu kwamba nililia. Sikulia. Yalikuwa makamasi. Tukuyu ni baridi, waliofika wanajua.

Sera yangu kwa baba mkwe mnaifahamu: "Mimi siasa sina, Baba." Mzee ni balozi wa shina, shati la kijani analivaa hadi bafuni. Sasa tumekula ndizi, mambo shwari, shangazi mtu akataka kuona kitambaa cha sare. Nikaunganisha simu na tivii yao, ile pana kama mlango wa zizi, nikafungua programu ya manunuzi.

Kitambaa kikachelewa. Ikatangulia safu ya juu: "Kwa sababu ulinunua kombati ya kaki." Chini yake filimbi, beji na fulana za chama ambacho si cha mzee. Nikateremsha haraka. "Nunua tena: bendera." Nikabonyeza kurudi nyuma. Mtandao ukaganda. Kiduara kinazunguka, sebule nzima kimya, mtu kashika kikombe cha chai hakinywi. Kikafunguka: "Ulivyotazama karibuni." Mafuta ya kuotesha ndevu. Wote wakageukia kidevu changu. Halafu, taratibu, ikajichora picha ya mkanda wa kubana tumbo, wa kiume. Macho ya shangazi yakatoka kwenye tivii, yakashuka hadi kifungo changu cha kitovuni, yakatulia hapo.

Nilikuwa nimeuvaa.

Nikavuta pumzi vibaya. Sehemu ya kunata ikaachia: krrrrr.

"Programu imekosea," nikasema. Shemeji mdogo, msomi wa kompyuta, hakuniacha hata nimalize. "Haibahatishi hiyo. Inalinganisha kapu lako na makapu ya watu wanaonunua kama wewe. Mwaka 2013 watafiti wa Cambridge walichukua laiki za Facebook tu, wakatenganisha wafuasi wa Democrat na wa Republican kule Marekani kwa usahihi wa asilimia 85."

Laiki tu, jamani! Mimi nilikuwa nimelipia kabisa.

"Asilimia ngapi?" mzee akauliza. Akairudia mwenyewe, kwa sauti ya kutangazia matokeo ya kura.

Nikajitetea kwamba kombati ni ya kupalilia viazi Uyole.

"Na bendera?"

"Ya kutishia ndege, Baba."

(Wewe unayecheka, nenda kaifungue ya kwako ukweni.)

Basi, kwa kifupi: posa imepokelewa, sare tutanunua Mwanjelwa kwa pesa mkononi, na mahari imeongezwa ng'ombe mmoja. Shangazi ameshampa jina. Anaitwa Kombati.